Kutoka Mbeya mpaka Mafinga kutafuta mbao za ukumbi

Ukipanda Coaster asubuhi pale Uyole kwenda Mafinga jiandae kisaikolojia, inasimama kila mahali, Igurusi inapandisha magunia ya mchele, Chimala abiria wanabishana na konda habari za nauli, alafu Makambako inakaa mpaka watu wanashuka kula na kurudi na bado dereva haonekani. Mi begi langu lilikuwa na daftari na tepu ya fundi maana nimetumwa na kamati. Mtaani kwetu Mwanjelwa tuna kiwanja na tunataka jengo moja la kazi nyingi, chini chekechea na chumba cha vikoba, juu ukumbi wa mikutano, harusi na kwaya, na pembeni maktaba ndogo vijana wasomee. Wengi walitaka ghorofa ya zege kama ya kila mtu. Mi na fundi seremala mmoja ndo tukaleta ubishi, kwamba nyanda za juu kusini zote hizi zimejaa misitu ya kupanda, kwanini sisi ndo tuogope mbao?

Hofu ya kwanza kikaoni ilikuwa moto na siwalaumu, soko la Mwanjelwa liliungua 2006, la SIDO nalo hapohapo jirani likaungua 2017, watu waliona mitaji yao inaisha usiku mmoja. Ila kibanda cha mabanzi na boriti nene ni vitu viwili tofauti kabisa. Boriti nene ikishika moto inaungua juujuu kwanza, lile kaa linakuwa kama blanketi linalozuia moto usifike ndani haraka, na mbao laini kama paina inaliwa karibu milimita 0.65 kwa dakika, yaani kama sentimita 4 kwa saa kila upande unaoguswa na moto. Kwahiyo boriti ya upana wa sentimita 20 ikichomwa pande mbili saa nzima bado katikati ina 12. Sasa chukua mbili kwa mbili ya kibanda upige hesabu hiyohiyo, nusu saa tu katikati imebaki kama sentimita moja. Wahandisi wanachofanya ni kuongeza unene wa kuliwa na moto toka kwenye mchoro, ili watu watoke na jengo liwe bado limesimama.

Ukipita Nyololo ndo unaanza kuiona mipaina yenyewe, mistari na mistari pande zote za barabara na ukungu juu. Hilo ni shamba la Sao Hill, la serikali chini ya TFS, yaani wakala wa misitu, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa nchini, eneo lote ni zaidi ya hekta 130,000 ingawa sio zote zina miti ya kupandwa, kuna misitu ya asili imeachwa kulinda vyanzo vya maji. Mpaina wenyewe asili yake Mexico. Sehemu kubwa ilipandwa kwa ajili ya kile kiwanda cha karatasi cha Mgololo, leo magogo mengi yanaishia kwenye mbao na nguzo za umeme.

Mafinga baridi bana. Nilishuka natetemeka, nikanywa chai ya tangawizi stendi kisha nikaanza kuzunguka kwenye yadi. Mji mzima unanuka paina mbichi. Ukitoka kidogo nje unazisikia ding dong, hizi mashine ndogo za msumeno wa duara zinazohamishika mpaka shambani, zinapasua gogo fasta ila nusu ya mti inaenda kwenye maranda na mabanzi, na ukipima ubao mmoja huku una inchi mbili kule una moja na nusu. Kwa kenchi za nyumba ya kawaida fundi anapambana hivyohivyo. Kwa ukumbi wa watu mia tatu juu ya vichwa vya watoto, hapana.

Yadi moja nikamkuta mzee kakaa juu ya rundo la mbili kwa sita. Kamwene, kamwene, tukaelewana. Nikamuuliza hizi miti yake ina umri gani.

"Miaka tisa hiyo mwanangu."

"Mbona mapema hivyo mzee, si inatakiwa kumi na nane kwenda juu?"

"Ada ya shule inasubiri mti ukomae?"

Sikuwa na jibu na mpaka sasa sina. Shida ya hii biashara yetu naiona iko hapo, mbao tunazo, ila tunakata mapema na tunauza mbichi. Mti mchanga ubao wake ni dhaifu na unajikunja vibaya ukikauka. Na ubao unaanza kusinyaa unyevu ukishuka chini ya kama asilimia 30, sasa ukiujengea mbichi unamalizia kusinyaa ukutani kwako, misumari inalegea, milango inagoma, watu wanasema mbao hazifai. Na nyingi wala hazijengi chochote, zinapelekwa Dar kushikilia zege mpaka likauke, kisha mama ntilie anapikia. Yaani tunakuza mti miaka yote hiyo uje kuwa mtumishi wa zege!

Kiwanda kimoja nje kidogo ya mji wana tanuri la kukaushia, kijana wa pale akanipimia kwa kile kimashine cha unyevu, ubao wa ding dong ulisoma juu ya asilimia 40, wa kwenye tanuri 12. Ukiushika tu unajua, mwepesi, unalia ukiugonga. Bei nayo inalia lakini. Hapo Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kilichotokana na ule mradi wa Panda Miti Kibiashara uliofadhiliwa na Finland, wanafundisha vijana kupasua na kukausha inavyotakiwa, kwahiyo ujuzi sio kwamba uko mbali.

Kijana nikamwonyesha kwenye simu picha za Sara Kulturhus, jengo la Skellefteå huko Sweden, lilifunguliwa 2021, ghorofa 20 karibu mita 75, ndani kuna maktaba, ukumbi wa maigizo, makumbusho na hoteli, na limebebwa na mbao. Akacheka akasema hao wana gundi. Kweli, siri yao ni hiyo, wanachukua mbao kavu za kawaida, wanazipanga tabaka zikipishana njia kama marini bodi ila nene, wanazigundisha kwa mashine ya kukandamiza, unapata ukuta mzima au sakafu. Zikipangwa zote kuelekea njia moja zinatoa boriti ndefu za kuvuka ukumbi bila nguzo katikati, hiyo Mjerumani Otto Hetzer aliiandikia hataza toka 1906. Sasa gundi bila mbao kavu haishiki, tunarudi palepale kwenye tanuri.

Kilichonishughulisha zaidi ni kelele, ambazo kikaoni hakuna aliyezitaja. Sakafu ya mbao ni nyepesi, kwaya ikiruka juu chekechea chini watadhani radi. Dawa yake ni kuweka tabaka zito juu ya mbao, chini yake kitu laini kama mpira, na dari isigusane moja kwa moja na boriti. Na maktaba isikae chini ya ukumbi, hilo nilichora hapohapo kwenye daftari.

Siku iliyofuata nikasogea Iringa kuonana na fundi anayefunga kenchi kubwa, kapanda nami toka Ipogolo akinieleza mchwa. Mbao za dawa, zile za kijani, nzuri, ila kata kwanza vipimo vyako ndo zipelekwe kwenye dawa, ukikata baadaye umewafungulia mchwa mlango. Na dawa ile ina aseniki, ambayo ni sumu, Marekani viwanda viliacha kuitia kwenye mbao za nyumba na za michezo ya watoto toka mwisho wa 2003, kwahiyo chekechea isiguse kabisa, na vipande vyake mtu asipikie.

Mwishowe tukakubaliana chini tofali na msingi ulionyanyuka, juu fremu ya mbao nene zilizokaushwa, kenchi za bolti, paa lenye mapana ya kutosha mvua isipige kuta. Na wepesi wake kwa Mbeya ni faida, sisi tuko bonde la ufa, ardhi inatikisika mara kwa mara na jengo jepesi linasukumwa kwa nguvu ndogo. Nikatuma hesabu kwenye grupu nikiwa bado Iringa. Mhazini akajibu kwani hizo mbao haziwezi kukauka zenyewe tukiwa tunajenga? Nikampigia simu, tumeongea mpaka vocha ikaisha.