Tezo Chini ya Mkungu

Januari 2010 Unguja nzima ilikuwa gizani. Umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikuwa umekatika tangu Disemba, na ungekaa miezi mitatu hivi usirudi. Wenye karakana wengi walifunga. Sisi Nungwi, kwenye kiwanja changu cha kuunda vyombo, kazi iliendelea kwa sababu tulikuwa na jenereta. Jenereta yenyewe ilikuwa ya mbia wangu.

Ubia wetu ulikuwa na mwaka mmoja. Yeye mtu wa mjini, ana mtaji na anajuana na wenye mahoteli. Mimi nina kiwanja, jina la marehemu baba, na mafundi. Hati ilikuwa ukurasa mmoja, sheha akashuhudia: mbao, misumari, jenereta na msumeno ni vyake, faida nusu kwa nusu. Mmoja akitoka itakuwaje, haikusema. Fundi hakutajwa kabisa.

Fundi alikuwa mzee wa Kitumbatu, hana ramani wala futi. Alipima kwa shibiri, kisha akipitisha kiganja juu ya ubao taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Taruma, zile mbavu za chombo, alizichagua mti ukiwa bado umesimama. Siku moja alinionyesha tawi la mfenesi lililopinda, akasema, "Lile la ubavu wa kulia," na kweli lilikaa palepale bila kuchongwa sana. Nilimlipa kwa siku. Nilimwambia nitamwongeza chombo kikishuka, na vyombo vitatu vilikuwa vimeshashuka.

Alhamisi moja nilifika alfajiri, kimya. Jenereta haipo, limebaki doa la mafuta mchangani. Mashua iliyotakiwa ishuke na maji makubwa ya bamvua ya Februari imesimama mbao nne juu ya mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo. Nikatazama chini ya mti wa mkungu, pale kinapotundikwa kikapu cha zana za fundi: tezo, keekee na patasi. Msumari mtupu.

Wanagenzi wawili walikuwa wamekaa, hawanitazami usoni. "Kaka," mkubwa akasema, "Ami kahamia Kendwa. Kwa yule bwana, mbia wako."

Maji yalikuwa yametoka, nikapita ufukweni kwa miguu. Nilimkuta anakalafati, anaziba nyufa za mbao, pamba imelowa mafuta ya nazi, vidole vinang'aa.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Mashua yangu, Ami?"

Hakuacha kugonga. "Babako alikuwa akinipa fungu kila chombo kikishuka. Weye umenipa ahadi." Akatoa kwenye kofia yake karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni. Fungu moja katika kumi, jina lake limeandikwa juu. Nilisoma mara mbili. Fungu lile ningeweza kulitoa, hata wakati ule.

Sikuwa na la kumjibu. Nilipogeuka akaniita. "Yule kijana mdogo ana jicho la taruma. Usimwache naye akaondoka."

Wateja wawili walidai arubuni zao wiki ileile, nikawarudishia. Lakini usiku wa Alhamisi ile, kwenye mwanga wa kibatari, nilifungua daftari nikamwita kijana, nikamuuliza jina lake kamili niliandike. Alikuwa na miaka miwili kiwanjani kwangu, na sikuwa nikilijua.