Mapafu ya mbuzi ndani ya beseni: siku moja ya mwalimu wa biolojia, Goma

Saa kumi na mbili asubuhi nimeshafika kwa mchinjaji wangu pale soko la Virunga, beseni mkononi. Zamani alikuwa ananipa mapafu yaliyochanwachanwa, maana kwake ni nyama ya kukata na kutia chunguni. Sasa anajua nataka mapafu mazima, na koromeo lake refu, na moyo ukining'inia palepale. "Madamu, leo hakuna tundu hata moja," ananiambia, akiyainua niyaone. Nalipa faranga zangu mwenyewe. Shule haina maabara. Ina ubao, chaki, na madirisha yasiyo na vioo.

Naandika haya kwa sababu majirani zangu wanaamini mwalimu anaingia asubuhi, anasomea watoto notisi wanakili, na mchana yuko nyumbani amenyoosha miguu. Beseni hili wanaliona likipita kwenye moto, yaani pikipiki, kila mara, wanafikiri napeleka mboga.

Saa moja na nusu bendera, wimbo wa taifa, mistari. Saa ya kwanza ni darasa la saba: mifupa. Mtoto mchanga ana mifupa karibu 300, mtu mzima 206, kwani mingi imeungana njiani. Kwenye fremu ya mlango kuna alama za kalamu nilizowapimia urefu mwezi wa tisa, na leo tunapima tena. Wasichana wengi wamewapita wavulana, na wavulana wananung'unika. Nawaonyesha kwa chaki ubaoni mahali mfupa mrefu unapokulia, pale kwenye gegedu karibu na ncha zake, nawaambia wasichana huanza mapema, kama miaka miwili hivi, na wavulana watafika. Kengele.

Saa tatu na nusu, darasa la wakubwa, wanafunzi 64 kwenye viti vya watu 40. Notisi ni za Kifaransa, maana mtihani wa serikali utakuja kwa Kifaransa. Lakini swali linapomchoma mtoto kweli, linatoka kwa Kiswahili, nami najibu kwa Kiswahili bila kuona haya. Mtoto aliyeelewa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo atalishika jina lake la Kifaransa kesho. Aliyekariri jina tu, hana kitu.

Nikaweka beseni mezani. Nikaingiza mrija wa pampu ya mpira kwenye koromeo, nikaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ukabana. Pampu ya kwanza, hakuna. Ya pili, pembe moja ikatetemeka. Ya tatu ndipo yakaanza kupanda, polepole, ile rangi ya ini ikigeuka waridi kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka yakajaa na kuvuka ukingo wa beseni. Darasa zima likawa kimya. Nikawaambia mapafu hayana msuli wa kujivuta yenyewe. Kiwambo kikishuka na mbavu zikipanda, kifua kinapanuka na hewa inaingia. Ndani mna vifuko vidogo sana vya hewa, kwa binadamu karibu milioni 300, na kila kimoja kimezungukwa na mishipa myembamba kupita unywele. Nikakata kipande kidogo, nikakitupa kwenye kopo la maji. Kikaelea. Wa nyuma wakapanda juu ya viti ili waone.

Hapo mlango ukafunguliwa. Mhasibu, na orodha mkononi.

Kumbuka hapa kwetu ni shule ya msingi ya serikali ndiyo bure, tangu 2019. Sekondari mzazi analipa, na ni humohumo kwenye pesa za wazazi mwalimu anapoongezewa chochote. Kwa hiyo siwezi kusema minervali, yaani karo, isidaiwe. Mimi mwenyewe nakula humo. Nilichoomba ni dakika ishirini. "Madamu, ni amri ya prefe," akajibu, yaani mkuu wa shule, akaanza kusoma. Anasoma jina, mtoto anasimama, anakusanya daftari, anatoka. Jina, anasimama, anatoka. Mmoja alikuwa ndiye ameshika pampu. Aliniangalia kama anauliza aiweke wapi. Nikaipokea. Mapafu yakaanza kulegea mbele yetu, yakitoa ile sauti ya pumzi ndogo, na orodha ilikuwa bado haijafika herufi ya M. Robo saa nzima. Walitoka 23.

Miaka yote hii ya kufundisha, jambo hili bado linanikaba. Mtoto hajakosa kitu. Baba yake ndiye hana kazi, au mama yake hakuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wiki hii. Na somo linaloonekana kwa macho halirudiwi kwa kunakili daftari la mwenzake.

Mhasibu alipoondoka, niliwaomba waliobaki wanisaidie kusukuma meza mpaka dirishani. Nje, wale 23 walikuwa hawajaondoka. Walikaa juu ya ukuta wa mawe meusi ya volkano. Hawakuwa darasani, amri haikuvunjwa. Nikaupasua moyo kwa kisu cha jikoni pale pale kwenye kizingiti, nikaugeuzia nje. Angalieni ukuta wa kushoto ulivyo mnene, huu unasukuma damu mwili mzima. Wa kulia ni mwembamba, safari yake inaishia mapafuni hapa jirani. Moyo wa mtu mzima aliyetulia unasukuma karibu lita tano kila dakika. "Nani amechota maji leo?" Mikono yote, ndani na nje. Bidoni, yaani dumu, ya lita 20, basi, moyo wako unaijaza kwa dakika nne, usiku na mchana, bila kuitua.

Baada ya hapo saa zilichanganyikana. Mandazi mawili na chai. Darasa lingine, mchoro uleule wa figo, sauti ikianza kukauka kwa chaki. Mchana joto la bati likashuka, na nilikuwa bado nina somo la visukuku, ambavyo wengi hapa huviita fosili. Mvulana mmoja alileta jiwe jeusi lenye matundu, ana hakika ni mifupa. Ilibidi nimwambie ukweli: matundu ni ya gesi, na lava yenye digrii zaidi ya 1,000 haihifadhi mifupa, inaiunguza. Uso wake ulianguka. Nikamwonyesha upande wa pili wa jiwe, palipokuwa na mistari ya miraba midogo. Huenda ni alama ya mti: lava inauzunguka shina, linaungua, pengo linabaki na chapa ya mkaa. Si fosili ya kitabuni, umri wake hautoshi, lakini ni kazi ileile ya kalibu. Majivu ya volkano ndiyo hutunza: kule Laetoli, Tanzania, yalishika nyayo za jamaa wa kale wa binadamu, miaka milioni 3.6 iliyopita. Na matope ya ziwa hutunza pia. Ishango, humuhumu Kivu ya Kaskazini, mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ndipo Mbelgiji Jean de Heinzelin alipochimbua mwaka 1950 mfupa uliochanjwa mistari, wa karibu miaka 20,000.

"Uko wapi, Madamu?"

Brussels, nikamjibu. Hakuna aliyesema kitu. Wakaandika.

Nilifika nyumbani Majengo giza likiingia, nikasugua beseni kwa majivu, nikachukua bidoni yangu. Bombani foleni ndefu. Mbele yangu, yule aliyekuwa ameshika pampu, bidoni yake imeshajaa, anaipandisha begani.

"Madamu," akasema, "dakika ine."

Nikamwambia ndiyo, ukiwa umekaa. Sasa hivi unapanda mlima na mzigo, moyo unaenda mbio, ni chini ya hapo. Akaweka vidole viwili shingoni, akasimama anahesabu.