Siku moja mezani na gia boksi ya otomatiki

Saa moja asubuhi niko gereji, Tabata. Chai ya rangi, chapati mbili, ovaroli, kisha nafuta meza ya bati mpaka ing'ae. Watu wakisikia fundi gari wanawaza grisi na masizi, lakini mimi kazi yangu ni kufungua gia boksi za otomatiki, na meza yangu inatakiwa iwe safi kama ya kukandia unga. Uzi mmoja wa kitambaa ukiingia kwenye valvu bodi, sehemu inayogawa mafuta ya kubadilisha gia, unaweza kukwamisha valvu, na gari likarudi linavutwa kwa kamba.

Saa mbili tukaanza na boksi tuliyoishusha jana, aina ya A340F, ya Hilux Surf ya mwaka 1997. Mwenye gari alilalamika kwamba asubuhi akiweka R gari linasubiri sekunde kadhaa ndiyo lishike, na barabarani ikiingia gia ya tatu injini inanguruma ila mwendo hauongezeki. Kwa anayeijua boksi hii, hayo maelezo ni nusu ya kazi. Rivasi, gia ya tatu na ya nne zote zinaitegemea klachi moja, tunaiita dairekti. Ya kwanza na ya pili haziihitaji, ndiyo maana gari bado liliondoka vizuri kwenye mataa.

Nikafungua sampo, bakuli la mafuta chini ya boksi. ATF, yaani mafuta ya gia boksi, ilikuwa kahawia nzito, inanuka kuungua. Sumaku za chini zilishika unga wa kijivu laini kama wanja, huo hauniogopeshi. Naogopa vipande vinavyometameta, na havikuwepo. Nikashusha valvu bodi, nikatoa pampu, nikatoa dramu, yale makopo yanayobeba klachi, moja moja na kuzipanga kama zilivyotoka, dogo msaidizi wangu akipiga picha kwa simu kila hatua.

Saa nne akaingia mwenye gari na rafiki yake, na hapo ndipo asubuhi yangu ilipoishia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Enhe, natoka na gari saa ngapi leo?"

Nikamwonyesha boksi iliyotawanyika mezani. Rafiki yake hata hakusogea. "Hizi hazifunguliwi hizi. Nenda Kariakoo, chukua boksi ya mtumba, funga, umemaliza." Sentensi hiyo naisikia karibu kila wiki, na kila nikiisikia inaniuma. Boksi ya mtumba ya gari la umri uleule ina sili, raba za kuzuia mafuta, za umri uleule. Unanunua ugonjwa ambao bado haujaanza kuonekana.

Nikamwita mzee karibu. Nikatoa pleti za dairekti, visahani vinavyobanana klachi ikishika. Zile za karatasi zilikuwa nyeusi, mbili zimelika hadi chuma. Pleti za klachi nyingine zilikuwa bado na rangi yake.

"Basi badilisha hizo tu," akasema. "Hivyo viraba viache, nimeshatumia hela nyingi."

Nikaichomoa sili ya pistoni ya dairekti, nikaivuta kwa ncha za vidole. Sili nzima hunyooka ikarudi. Hii ilivunjika kama ganda la karanga. Nikampa vipande avishike mwenyewe. "Mzee, mafuta yanaisukuma pistoni, pistoni inazibana pleti. Raba ikikauka mafuta yanapita pembeni, pistoni inabana kwa uvivu, pleti zinateleza, zinaungua. Nikiweka pleti mpya na sili hii, baada ya muda mfupi tunarudi mezani hapahapa." Akanyamaza. Rafiki yake akaanza tena habari ya mtumba. Nikaeleza tena. Akapiga simu kwa mtu, kisha kwa mwingine, akanipa simu niongee na mtu nisiyemjua ambaye naye alisema niongeze mafuta tu. Ilipofika saa sita mzee akasema sawa, nunua seti nzima.

Bodaboda mpaka Kariakoo, na sampuli ya pleti mfukoni. Dukani tulilinganisha meno juu ya kaunta, yakawa sawa. Nimefika Buguruni, foleni haisogei, nikafungua pakiti: pleti za chini zilikuwa za boksi nyingine, meno tofauti kabisa. Nikageuza. Jua la saa nane linakuchoma mgongoni, na ukiwaza boksi iliyo wazi mezani unaona vumbi kila mahali.

Niliporudi nilizilowesha pleti mpya ndani ya ATF. Robo saa ndiyo kiwango cha chini, mimi huziacha zaidi, maana pleti kavu huungua siku ya kwanza. Nikapaka sili mpya mafuta ya mgando, yale ya kumpaka mtoto, kwa sababu yanayeyuka ndani ya ATF wakati grisi inaweza kuziba tundu. Nikasukuma pistoni ndani ya dramu, nikafunga springi, pleti, ringi ya kuzuia, nikapima nafasi kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia. Kisha hewa ya kompresa kwenye tundu la mafuta, nisikie kama pistoni inabana au hewa inavuja.

Fsss.

Sili imejisokota ndani. Mzee aliyekuwa amekaa juu ya tairi akauliza, "Imeshindikana?" Nikasema hapana, nikaanza kufungua upya. Mgongo ulikuwa umekaza, vidole vinateleza, dogo anamulika kwa tochi. Safari hii niliiingiza sili kidogo kidogo, mzunguko mzima, nikihesabu kimoyomoyo.

Adhana ya Magharibi ilikuwa imeshatoka nilipofunga ringi tena. Nikaweka hewa.

Tup.

Nikaachia, ikarudi. Nikarudia. Tup. Mzee akainuka, akainamisha sikio juu ya dramu, akaniomba nirudie mara ya tatu.

"Hiyo ndiyo rivasi?"

"Na ya tatu, na ya nne, mzee."

Konveta, inayounganisha injini na boksi, na kufunga garini ni kesho. Nikaosha mikono kwa sabuni ya unga, nikaifunika meza kwa shuka safi, dogo akazima taa.