Kobe wa Changuu na baharia kutoka Kondoa

Mwaka 2006, mwezi wa 12, tulikuwa tunaenda Pemba kwa bibi mzaa mama. Boti ya asubuhi kutoka Dar ikatushusha Unguja kwenye saa nne hivi, na meli ya Pemba inaondoka saa nne usiku, yani siku nzima tupo tupo tu. Mizigo tukaiacha kwa mjomba pale Malindi, baba akasema twendeni Changuu, kile kisiwa chenye jela ya zamani, tukaone kobe. Sasa baba yangu ni mtu wa Kondoa, bahari kaijua ukubwani, lakini siku hiyo alivyokuwa anaongea utadhani kazaliwa ndani ya ngalawa.

Jamaa wa boti kusikia tu lafudhi ya bara akataja bei ya dola. Baba anahesabu hela kichwani, mama kanyamaza, halafu nikasikia sauti ambayo Dar sijawahi kuisikia: "Yakhe, dola za nani hizo? Miye mtu wa Wete." Mimi na mdogo wangu tukabaki tunamwangalia, huyu mama yetu kabadilishwa lini? Bei ikashuka hadi elfu kumi kwenda na kurudi.

Jela yenyewe niliipita tu, ilijengwa miaka ya 1890 na wafungwa hata hawakuletwa, ikaishia kuwa karantini ya wagonjwa wa melini. Mimi shida yangu kobe. Wakubwa jamani, mdogo wangu wa miaka minne alikuwa anaweza kukaa juu kama kwenye kigoda (alijaribu, akafokewa). Ukimpa mchicha anaurefusha ule mshingo, ngozi imejikunja kama soksi iliyolegea, anafungua mdomo taratibu, ulimi wa pinki, halafu kwaa! Na ukimkuna shingoni anasimama juu ya miguu yote minne, katulia kabisa, macho kayafumba nusu.

Mmoja kaandikwa 150 mgongoni kwa rangi. Baba, mwalimu wa historia, akaona nafasi yake hiyo. "Huyu kazaliwa 1856, mwaka aliokufa Seyyid Said!"

Mama akamjibu, "Hawa si wameletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919? Msiba ataujulia wapi?"

Jioni tukashukia Forodhani, watoto wanajitosa baharini kutoka ukutani mmoja baada ya mwingine, sisi tukala urojo. Baba akapiga bakuli mbili na bajia za nyongeza na juisi ya miwa juu yake, mama akamwambia taratibu baba watoto, usiku tunapita Nungwi, akacheka tu.

Tulipofika huko Nungwi meli ikaanza kuinuka na kushuka, taa zinayumba, watu wanavuta uradi. Mama kalala kwenye mkeka kajifunika kanga kama yupo chumbani kwake. Baba kakumbatia mfuko wa rambo mpaka ukajaa, akaenda ukingoni. Mama hata macho hakufungua.

"Baba watoto, hamia upande wa pili. Upepo unaturudishia."