Jinsi Nilivyoiaga Jenereta katika Nyumba ya Mawe, Lamu

Ninaendesha nyumba ndogo ya wageni katika Mji wa Kale wa Lamu, na kwa muda mrefu umeme ulipokatika nilitegemea jenereta ya petroli iliyokuwa nyuma ya jiko. Umeme wa gridi ya taifa nchini Kenya hutokana kwa sehemu kubwa na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana, kwa hivyo moshi wa nyumba yangu haukuletwa na nyaya za mtaani, bali na mtungi wa petroli niliokuwa nikiujaza mwenyewe. Watu wengi wa Lamu walikuwa wamepinga kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, hadi leseni yake ya mazingira ikafutwa mwezi Juni 2019. Baada ya ushindi ule niliona haya kuendelea kuwafukizia majirani moshi wangu.

Fundi wa kwanza wa sola aliyekuja kupima alianza na viyoyozi vya vyumba vinne, kisha akanitajia bei ya betri ambayo nyumba yenyewe isingeweza kuilipa. Kiyoyozi kimoja cha kawaida hula wati elfu moja hivi kikiwa kazini, ilhali feni ya DC, yaani inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, inatosheka na wati thelathini hivi. Nikaona kwamba swali la idadi ya paneli lingoje, kwanza nijue ni kitu gani kinachovitia vyumba joto.

Jibu nililipata kwa mzee mmoja fundi wa chokaa. Nyumba zetu zina kuta nene za mawe ya matumbawe, vyumba virefu vyembamba ambavyo upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi katikati ili hewa ya moto ipande na kutoka. Mwenyeji aliyenitangulia alikuwa amekiezeka kiwanda kwa mabati na kuzipaka kuta rangi ya mafuta. Tuliyaondoa mabati, tukaikwangua rangi ile, tukapaka chokaa ndani na nje, na dari ya juu, yaani paa bapa la nyumba, tukaipaka nyeupe kabisa ili ilirudishe jua. Kazi hiyo ilichosha kuliko zote zilizofuata, na haikuhusu umeme hata kidogo, lakini vyumba vya chini vilipoa kiasi kwamba mazungumzo ya viyoyozi yakaishia hapo.

Chumba cha juu ndicho kilichobaki na ukaidi, kwa sababu jua la mchana hukipiga utosini. Nilikuwa nikifikiria kukijengea banda la makuti, mzee akatazama paneli zilizokuwa zimeegemezwa ukutani, akasema, "Mwanangu, si hizi ndizo kivuli chako? Zinyanyue juu ya dari, upepo upite chini yake." Tulifanya hivyo. Paneli hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila digrii inayozidi nyuzi 25, hivyo upepo wa kaskazi au wa kusi unaopita chini yake huzifaa paneli zenyewe, na dari nayo hukaa kivulini tangu asubuhi. Lamu iko kama digrii mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo hatukuhitaji kuziinamisha sana. Tulizipa mwinamo wa digrii kumi hivi, unaotosha mvua kuziosha, nazo zikafichika nyuma ya ukingo wa dari zisionekane kutoka mtaani. Hilo lilinirahisishia mazungumzo na wahusika wa uhifadhi, maana mji huu ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001 na si kila kitu huruhusiwa kuchomoza juu ya paa.

Chumvi ya bahari haina huruma. Fremu ni za alumini, skurubu ni za chuma kisichoshika kutu, na vioo tunavifuta kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kila vumbi na kinyesi cha kunguru vinapozidi.

Kisha tukabadilisha saa za kazi. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi, pasi na mashine ya kufulia hutumika kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa kali, ili betri ibakie kwa feni, taa na friji usiku. Msichana anayenisaidia alinung'unika mwanzoni kuhusu kupiga pasi mchana. Siku hizi ndiye anayenikataza kuwasha pampu jioni. Mgeni anayesisitiza kiyoyozi ninamwelekeza kwa jirani, na jirani hana malalamiko.

Jenereta imeuzwa. Jikoni bado tunatumia gesi, ila maharagwe na nyama ngumu tumeanza kuvipika kwa sufuria ya umeme ya presha, adhuhuri, wakati betri imekwisha jaa na umeme wa paneli ungepotea bure.