Ngazi ya sentimita 30

Nina mtu wa karatasi anakaa mezani kwangu, kasimama juu ya kipande cha kadibodi, urefu wake sentimita 6.8. Huyo ni mtu wa sentimita 170 ukimpunguza mara 25, na hiyo ndo skeli tunayotengenezea modeli zetu za jukwaa. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 8, meza ya sentimita 75 inakuwa sentimita 3, kiti cha sentimita 45 kinakuwa sentimita 1.8. Wiki ya kwanza ya kozi mwalimu wa modeli alituambia kabla hamjakata kitu chochote, mkateni huyu mtu kwanza. Mi nikamkata chapchap nikamsimamisha pembeni, maana hamu yangu yote ilikuwa kwenye majumba, nguzo, madirisha, nilikuwa na picha kibao kichwani toka kabla sijaanza chuo. Kumwelewa huyo mtu wa karatasi kumenichukua karibu mwaka mzima na ngazi moja.

Watu wakisikia nasoma dizaini ya jukwaa wanajua napaka rangi mapazia. Rangi ipo ndio, ila sehemu kubwa ya siku ni kupima. Unapima ukumbi, unachora plani (jukwaa linavyoonekana ukiwa juu yake), unachora mkato (kama vile jengo zima limepasuliwa katikati kwa msumeno ukaona ndani), ndo unaanza modeli. Katikati ya hapo kuna vipindi vya maleba (nguo za waigizaji), vya taa, siku za karakana, na kusoma script mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote maishani. Mara ya kwanza unasoma bila kalamu mkononi, unasikiliza tu. Mara ya pili unaanza kuandika: nani anaingia, anatokea wapi, kabeba nini, ni saa ngapi, mvua inanyesha au hainyeshi, kuna kitu gani kinatajwa ambacho lazima kiwepo pale jukwaani. Mara ya tatu ndo unagundua yule uliyemwandika anatokea kushoto alishatoka kulia dakika mbili kabla, na kanguo kenyewe anabadilisha huko nyuma, kwa hiyo kuna mtu atakuwa anakimbia gizani na lazima umwachie njia.

Na vidole. Kama unaanza kozi hii mwaka huu naomba unisikilize, usikandamize kisu. Kadibodi ngumu haikatwi kwa mara moja, unapitisha wembe taratibu mara tano, mara sita, kwenye mstari uleule, rula ya chuma imebana na vidole vimekaa mbali na ukingo. Na wembe ukianza kuchoka badilisha hapohapo, maana wembe butu ndo unaokukata, unalazimisha nguvu alafu unateleza. Kovu langu lipo kwenye kidole cha shahada cha kushoto, na mezani petu karibu kila mtu ana lake.

Sasa ngazi.

Projekti ya muhula wa pili ilikuwa script fupi, watu watatu tu. Mwanamke yuko ghorofani, anasikia sauti ya baba yake chini, anashuka na taa mkononi waje waongee neno ambalo hawajaliongea miaka yote. Nilipoisoma niliiona picha moja kwa moja: jukwaa limekuwa tupu, ukuta wa nyuma mweusi, na ngazi moja ndefu kali inashuka toka juu kabisa. Nililala na hiyo picha, nikaamka nayo. Nilitaka mtazamaji aone umbali kati ya hao watu wawili kabla hawajafungua mdomo.

Na sikuwa nimeota peke yangu. Kwenye kipindi cha historia tulikuwa tumetoka kumsoma Adolphe Appia, mbunifu wa jukwaa, Mswisi aliyezaliwa 1862, ambaye kiukweli sijamaliza kumtafakari mpaka leo. Enzi zake mandhari ya jukwaa ilikuwa ni vitambaa vilivyochorwa: mti umechorwa, nyumba imechorwa, hata kivuli kimechorwa, alafu anakuja kusimama mbele yake mtu mwenye mwili wa kweli na kivuli chake cha kweli. Appia akasema hivi vitu viwili havikai pamoja. Mwili una unene, kwa hiyo mpe kitu chenye unene, mpe majukwaa ya kupanda, mpe ngazi, alafu acha taa ifanye kazi, maana mwanga hauna cha kushika kwenye kitambaa bapa. Akachora ngazi nyingi sana, na mwaka 1912 na 1913 kule Hellerau karibu na Dresden, akishirikiana na mwalimu wa muziki Émile Jaques-Dalcroze, watu wakaziona zimesimama kweli, ndani ya ukumbi wenye maelfu ya balbu nyuma ya vitambaa. Edward Gordon Craig naye, mbunifu wa jukwaa Mwingereza, mwaka 1905, alichora ngazi moja ileile mara nne, kila mara na hali yake, watu na mwanga vinabadilika ila ngazi ni ileile. Alafu kuna muongozaji Leopold Jessner, Berlin, 1920, kwenye Richard III ya Shakespeare, mfalme anasimama juu ya ngazi nyekundu, na utawala wake unapanda na kushuka pale pale mbele ya macho ya watu. Nikiwa nimejaa hayo yote nikakaa mezani na wembe wangu nikajenga.

Modeli ilitoka nzuri. Nasema kwa moyo wote, ilikuwa nzuri, stepu 9 za kadibodi nimezipaka kijivu cha moshi, nikizima taa ya chumba nikamulika na tochi ndogo toka ubavuni kila stepu inatoa mstari wake wa mwanga. Nilikaa naangalia mpaka usiku ukaisha.

Kesho yake nikaipeleka karakana. Fundi wetu wa karakana ni mtu wa maneno machache, akaipokea, akaizungusha, akachukua rula ya skeli akaiweka kwenye stepu moja tu. Akaniuliza, "Huyu mtu wako umemuweka wapi?" Nikamuonyesha, nilikuwa nimemgundisha chini kabisa, kwenye sakafu, mbali na ngazi. Akambandua kwa ncha ya kisu polepole asimchane, akamsimamisha mbele ya stepu ya kwanza. Stepu ilimpita katikati ya muundi.

Milimita 12. Zidisha mara 25, ni sentimita 30. Ngazi unayopanda kila siku bila kuifikiria stepu yake ina sentimita 17 au 18, kwenye modeli hiyo ni kama milimita 7. Na pa kukanyagia niliacha sentimita 20 wakati mguu unahitaji kama 28. Nilijenga kwa macho, macho yakaona picha, hayakuona mguu.

Fundi hakunigombeza. Akaniambia, "Kijana, twende tukaipande." Akachukua maboksi ya mbao na plaiwudi yaliyokuwa pembeni, akapanga stepu tatu za sentimita 30 zenye kina kilekile nilichochora, akaenda kumuita dada mmoja wa darasa la uigizaji ambaye ndo alikuwa anafanyia mazoezi hiyo nafasi. Dada akaja na sketi yake ndefu ya mazoezi, akashika tochi kama ndo taa yenyewe. Akaanza kushuka. Stepu ya kwanza akainua sketi kwa mkono mmoja. Ya pili kisigino hakikuenea, akageuza mguu ubavu. Ya tatu akainama, akasimama kabisa, akatafuta sakafu ilipo.

Mda wote huo alikuwa anaangalia miguu yake. Script inasema anashuka macho yake hayamtoki baba yake. Hicho ndo kitu pekee kilichotakiwa kutokea pale, na ngazi yangu ilikuwa imemnyang'anya. Nilisimama pale na modeli mikononi nikahisi uzito ambao sijui nauelezaje. Alikuwa anajitahidi kwa ajili yangu, kakunja uso, anaogopa kuanguka, na mimi ndo niliyemuweka hapo.

Nikarudi mezani kupiga hesabu. Ghorofa yangu ilikuwa mita 2.7 toka sakafuni. Ukiitaka hiyo hiyo kwa stepu za sentimita 18 unahitaji stepu 15, na pa kukanyagia sentimita 28 kila moja, ngazi inakula karibu mita 4 za sakafu, na jukwaa lote kina chake ni mita 7. Baba atasimama wapi? Alafu nikachora mkato, ambao ilitakiwa niuchore toka mwanzo, nikavuta mstari toka kwenye jicho la mtu aliyekaa safu ya mwisho chini ya roshani, yaani chini ya viti vya juu (jicho la mtu aliyekaa liko kama sentimita 110 hadi 120 juu ya sakafu anayokanyaga). Mstari ukagonga ukingo wa roshani, ukaingia jukwaani, ukampita yule mwanamke kifuani. Yani watu wote wa safu zile wangeona mwili unaongea hauna kichwa. Kumbe hata bila ule mguu, picha yangu ilikuwa ya mtu mmoja tu, mimi niliyekuwa naiangalia modeli nikiwa nimeinama usawa wa katikati.

Nikaishusha ghorofa mpaka sentimita 144. Stepu 8. Niliumia kuishusha, sitaki kudanganya, nilihisi naua kitu. Ila ngazi ilipokuwa fupi nikapata nafasi ya kuipanua, na ilipopanuka nikagundua anaweza kushuka kwa mshazari, na kushuka kwa mshazari kunachukua mda mrefu zaidi kuliko kushuka wima. Ule umbali niliokuwa nautafuta juu nikaupata ubavuni.

Nilivyompelekea fundi plani mpya akaniuliza swali lingine, "Kule juu atafikaje?" Mwanamke anaanza igizo akiwa ghorofani. Sikuwa nimechora njia. Kuna ngazi ya pili, ya nyuma, ambayo hakuna mtazamaji atakayeiona, ina mkono wa kushikilia, ina utepe mweupe ukingoni ili mguu uone gizani, na taa ndogo ya bluu. Hiyo nayo ni dizaini, inakaa kwenye plani yako na inapimwa kama ile ya mbele. Niliipenda zaidi ya nilivyotegemea. Mtu anayesubiri zamu yake gizani, moyo unamdunda, anakanyaga kitu ulichomfikiria.

Wiki ileile tulikuwa na kipindi cha usalama na mwalimu akatufundisha kuhusu moto wa ukumbi wa Iroquois kule Chicago, tarehe 30 Desemba 1903. Ukumbi ulikuwa na wiki kama tano tu toka ufunguliwe na ulitangazwa kuwa hauwezi kuungua. Taa ikawasha kitambaa jukwaani, pazia la kuzuia moto likakwama njiani halikushuka mpaka chini, na kwenye ngazi za watu wa juu kulikuwa na mageti yamefungwa, yaliwekwa ili watu wa tiketi za bei ndogo wasishuke kukaa sehemu za bei kubwa. Walikufa zaidi ya watu 600. Darasa lilikaa kimya. Baada ya hapo tukatoka nje kila mtu na kipande cha kitambaa anachotaka kukitumia kwenye projekti yake, tukakishika kwa koleo tukakiwasha kimoja kimoja, kuona kipi kinazima chenyewe na kipi kinaendelea. Pazia langu lilikuwa la pamba jepesi, liliondoka lote kwa pumzi moja. Nikalirudisha likapigwe dawa ya kuzuia moto, nikakausha, nikajaribu tena, likaungua ukingo likazima. Tangu siku hiyo nikiingia ukumbi wowote macho yangu yanaenda kwanza kwenye milango ya kutokea, alafu ndo jukwaani.

Igizo letu lilichezwa kwenye studio ya mazoezi, ukumbi mkubwa tuliuchorea tu plani na mkato. Ngazi ikajengwa kweli, stepu 8 za plaiwudi, tumezipaka sisi wenyewe usiku mmoja kijivu kilekile cha moshi, nikiwa na brashi pana na magoti yanauma. Nilikaa safu ya mwisho, pembeni kabisa, nilichagua kiti kibaya kuliko vyote makusudi. Taa ikawaka ubavuni, kila stepu ikatoa mstari wake. Yule dada akaanza kushuka na taa yake mkononi, sketi inaburuza, na macho yake yalikuwa kwa baba, stepu ya kwanza, ya tatu, ya sita, hakuangalia chini hata mara moja. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo mpaka ya nane, na alipofika sakafuni nikajikuta nimeshika mkono wa mtu wa kiti cha jirani ambaye simjui.

Sasaivi modeli hiyo iko juu ya kabati. Mtu wa karatasi nimembandua, ana gundi mguuni na mkunjo kiunoni pale fundi alipomshika, nimemsimamisha kwenye kadibodi tupu ya projekti inayofuata. Safari hii ni jukwaa la duara, watazamaji wamekaa pande zote, na script ina watu wawili wanaotokea ghafla. Toka jana nazungusha kadibodi mezani natafuta pa kuwaficha, na hakuna nyuma.