Siku moja ndani ya suti ya Kaunda

Saa 11:30 alfajiri, Manzese. Kabla ya mswaki nafungua simu. Mwenye sendofu ya leo kaandika: "Kaka, usisahau muhuri." Hakuna anayeuliza kama nitachekesha. Wanaulizia muhuri.

Mimi ni mchekeshaji wa mhusika mmoja, Mheshimiwa Mihuri, mwenyekiti wa serikali ya mtaa usiokuwepo kwenye ramani. Alizaliwa 2021, siku niliyofuata barua ya utambulisho nifungue akaunti benki. Mzee wa ofisini alifungua droo kwa ufunguo, akatoa kitambaa. Ndani ya kitambaa, mfuko wa rambo, ile ile iliyopigwa marufuku na serikali 2019. Ndani ya rambo, muhuri. Akaupulizia pumzi, haa, haa, mara mbili, akautazama, akaugonga. Kisha akaniambia karatasi siku hizi zimeadimika. Nikatoa elfu tano "ya karatasi", na njia nzima nikawa najifunza ile haa, haa.

Saa 2. Mwendokasi hadi Fire, nimesimama kwapani mwa mtu, halafu boda mpaka kwa fundi. Suruali ya Mheshimiwa ilichanika Jumamosi nilipompigia magoti bibi harusi nikimwomba kura. Suti ni ya kahawia, na nimeichagua makusudi: si kijani, si bluu, si zambarau, asije akadhaniwa wa chama fulani. Mfukoni kalamu nne, moja tu inaandika.

Saa 5. Tunarekodi Magomeni, kwenye genge la mama mmoja. Niko ndani ya suti, tumbo la mto limefungwa vizuri, anakuja bibi mmoja amejifunga khanga.

"Mwenyekiti, jirani yangu anatapisha choo kila mvua ikinyesha. Yote yanapita mlangoni kwangu."

"Shikamoo bibi. Mimi msanii tu."

"Marahaba. Najua, wajukuu wananionyesha kwenye simu. Yule mwenyewe simpati. Njoo hivyo hivyo, umtishe."

Nikaenda. Sikusema neno. Nilisimama mlangoni, nikatoa muhuri, nikaupulizia. Jirani akakimbilia koleo na saruji, huku akiniita mheshimiwa. Mpiga picha wangu alikuwa amekwenda kununua maji, kwa hiyo video bora ya mwaka haipo.

Saa 9. Kuhariri. Dakika moja inakula saa tatu. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, kila kipande nakitazama mara mbili: jina la mtaa halisi, toa, bango la chama lililojitokeza nyuma, toa. Pia nimempigia mtu wa tangazo tulilofanya Machi. Bado "malipo yako kwenye mchakato".

Kuna vijana wananiuliza siri ya kazi. Mimi nilimtazama sana marehemu King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, na nilichoondoka nacho ni kwamba mtu akiuamini upuuzi wake kwa moyo wote, watu watavunjika mbavu. Ndiyo maana Mheshimiwa hajui kama anachekesha. Yeye yuko kazini.

Saa 2 usiku, ukumbi wa Sinza. Naingia na faili kwapani, nawatoza wazazi wa binti elfu tano ya karatasi ili wamwachie. Nikatoa kitambaa, nikatoa rambo, nikatoa muhuri. Haa, haa. Ukumbi ukapasuka. Meza kuu kuna mzee anajifuta machozi kwa leso, mabega yanamcheza. Nikamtambua: ni yeye, yule yule wa 2021.

Saa 4 na nusu nikamkuta nje, karibu na jenereta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba! Kijana, umetumaliza. Yule mwenyekiti wa mtaa wa pili umempatia, yaani mpaka pumzi!"

Akaomba kalamu aniandikie namba yake, binti yake anaolewa Desemba. Nikampa ile inayoandika. Akaandika, akaichomeka mfukoni mwa shati lake, akaondoka nayo.